Kokoto za Upande wa Kushoto

4 Januari

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za mkaza mjomba wako. Amesimama mlangoni ananiuliza naandika nini, nami nimemwambia naandika orodha ya misumari. Hatujambo. Mgongo wangu umetulia tangu nistaafu, maana haubebi tena vile vyuma vya kupimia ardhi. Mwambie mama yako, dada yangu mpenzi, kwamba goti haliponi kwa kulalamikiwa. Aende hospitali.

Sasa neno lenyewe. Nimenunua gari. Jipya, mpwa wangu, viti vyote bado vina nailoni. Rangi yake ni buluu ya kalamu ya wino, ukisimama karibu unajiona mpaka vifungo vya shati. Miaka thelathini na moja nimepanda magari ya idara yenye matope hadi ndani ya redio, nikajiapiza kwamba siku nikipata langu halitaguswa hata na ukucha.

Wiki ya pili tu nikakuta alama ya kokoto kwenye boneti. Ndogo, punje ya mtama ni kubwa kuliko hiyo, lakini chakula cha mchana kilinishinda. Wewe ndiye fundi rangi pekee katika ukoo huu. Niambie nilikinge vipi.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Binti yangu na mumewe wako chumba cha uani, ukuta wenyewe ni mwembamba, na huyo mkwe ana masikio marefu. Tangu gari liingie analizunguka. "Baba, gari zuri." Mtu akisifia mara moja ni adabu. Akisifia mara nne ana lake jambo.

Nijibu upesi, na bahasha uifunge kwa gundi, si kwa mate.

Mjomba wako

19 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Gundi nimetumia, na juu yake utepe. Ukishindwa kuifungua usinilaumu.

Hapa tu wazima. Mama anasema goti ni lake na atalilalamikia apendavyo. Gerejini kazi ni nyingi, wiki hii nimepuliza rangi magari sita, na mafundi wenzangu bado wananiita "Bibi Brashi" ingawa brashi sijaishika miaka saba.

Hongera sana kwa gari! Natamani ningekuwapo ulipoondoa nailoni, kama umeiondoa.

Nimekutumia roli moja ya plastiki ya kinga kwa basi la mizigo. Ni ile angavu, ukishaibandika huioni. Kokoto ikija inapiga plastiki, rangi inabaki salama. Osha gari, likauke. Nyunyiza maji ya sabuni juu ya rangi na juu ya plastiki, ilaze, kisha sukuma maji nje kwa mpira wa kufutia vioo, kutoka katikati kwenda pembeni. Usiwe na haraka, povu ukiliacha ndani litakutazama miaka mitano. Anza na boneti na bampa. Kikibaki kipande, weka nyuma ya magurudumu ya mbele na ubavu wa chini ya milango, maana gurudumu lako mwenyewe nalo hurusha mawe.

Mtu wa kukushikia upande wa pili utamhitaji. Mwite mkwe. Fundi bomba ana mikono mizuri, na ukimpa kazi ataacha kuzunguka.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mkaza mjomba wako ni mzima ila amenuna, nitakueleza. Binti yangu hajambo. Mkwe hajambo kupita kiasi.

Plastiki niliibandika mwenyewe. Mkwe sikumwita. Ilinichukua siku mbili na mapovu ni matatu tu, madogo. Nilifunika boneti na bampa, roli ikaisha pale, kwa sababu kipande cha kwanza nilikikata vibaya. Mkasi ulikwenda pembeni. Sijui nini kilinipata, mimi niliyenyoosha mipaka ya nusu ya mji huu.

Sasa sikiliza. Gari linapigwa mawe. Si boneti, boneti iko salama na naishukuru plastiki yako. Ubavu, mpwa wangu! Nimeinama kuosha nikakuta vidoadoa chini ya milango, rangi imebanduka, bati linaonekana. Na mimi siendi popote ila sokoni, zahanati, na kwa wazee wenzangu kucheza karata. Kote ni lami.

Sasa nani katika nyumba hii ana kazi njia ya machimbo, kwenye zile nyumba mpya, ambako barabara ni kokoto tupu? Fundi bomba. Ufunguo wangu unaning'inia msumarini karibu na mlango wa uani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na mkaza mjomba wako anajua kitu. Mwanzoni alikaa kiti cha mbele, pembeni yangu, akisalimia watu kama mke wa waziri. Tangu mwezi uliopita amehamia nyuma, kiti cha nyuma yangu kabisa. Namwuliza sababu, anasema kuna upepo. Vioo vimefungwa, upepo unatoka wapi? Amekwisha kuambiwa asinitazame usoni.

Au ni plastiki yako? Nasikia kuna za bandia.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekubali kwenda hospitali, baada ya mimi kumwambia kwamba wewe ulisema hatathubutu.

Plastiki yangu si ya bandia. Na mahali ambapo hukuibandika haiwezi kukinga, hata ingekuwa imetoka mbinguni. Roli nyingine nimeituma leo.

Kuhusu mkwe, taratibu. Kumshuku mtu ni rahisi, kumwomba radhi ndiko kazi. Mimi kila siku naletewa magari yaliyopigwa, na wenye magari wote wanamjua aliyefanya kabla hata sijayatazama. Nusu yao hukosea. Alama za kokoto zina lugha yake. Niambie ziko wapi hasa, ngapi, upande gani, juu au chini. Wewe si ndiye Mzee Vigingi? Umepima mashamba ya watu mpaka wakagombana. Pima na gari lako.

Na mkaza mjomba mwache akae anapotaka.

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa wangu,

Salamu na furaha, maana nimemnasa.

Nimefanya kama ulivyosema, na nimefanya kwa kanuni zote za kazi. Nimegawa kila ubavu wa gari kwa miraba ya sentimita kumi, kwa uzi na chaki, na kila alama nimeipa namba. Ramani ndiyo hiyo ndani ya bahasha, itunze. Ubavu wa kushoto una alama sitini na nne. Kulia ni tano. Boneti haina mpya. Nyingi zimelundikana nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto na chini ya mlango wa abiria.

Halafu nikaweka mtego. Tangu tarehe kumi na tisa ufunguo umekuwa chini ya mto wangu, na mchana uko mfukoni, nimeufunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali. Siku kumi. Gari nimeliendesha mimi peke yangu. Jana nikapima upya. Alama kumi na moja mpya! Zote kushoto!

Maana yake ni moja tu. Mkwe amechonga ufunguo wa pili.

Namtazama anavyokula. Ananiuliza, "Baba, mbona hushibi?" Nashiba nini, nami nakula na mwizi sahani moja?

Na mkaza mjomba wako sasa ameanza jambo lingine. Tukiwa njiani anasema "kulia, sogea kulia kidogo," kila dakika tano. Miaka arobaini naendesha gari, leo nafundishwa njia ya sokoni. Nadhani ananikera makusudi ili nimwachie mkwe usukani. Wamepanga.

Nisomee ramani kwa jicho la fundi, uniandikie ushahidi nimwekee mezani.

Mjomba wako

8 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mama amefanyiwa upasuaji wa goti, yu salama, anawatuma wauguzi kama watoto wake. Kisha kompresa ya gereji iliharibika, kisha mvua. Sababu zilikuwa nyingi.

Ramani imefika. Imechorwa vizuri sana. Nimeitazama mara nyingi.

Nakuomba usimwambie mkwe neno lolote kwanza. Nakuomba kwa heshima zote, Mjomba. Kuna mambo nataka kuyaelewa kabla sijasema langu. Utaona ni maswali ya kipuuzi, lakini nijibu. Chai ukimimina, inaingia kikombeni moja kwa moja? Karibuni umejigonga bega la kushoto kwenye mlango au kwenye mtu? Ukicheza karata, wenzako wamewahi kukuambia kuna karata hukuiona? Mkasi ulipokwenda pembeni, ulikwenda upande gani?

Na gari, kwa sasa liache lipumzike. Plastiki ya pili haijabandikwa na rangi ikiwa wazi mvua itaingiza kutu. Tembeeni kwa miguu. Mkaza mjomba atafurahi.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Salamu fupi, maana nina hasira.

Nani amekuambia habari ya chai? Sijakuandikia mimi habari ya chai. Imemwagika, ndiyo, mara mbili, tatu, na kitambaa cha meza ni cheupe kwa hiyo inaonekana nyingi. Kwa hiyo mkaza mjomba wako anakuandikia kwa siri. Na wewe umekaa mwezi mzima na zaidi bila kunijibu, halafu unanitumia maswali ya bega na karata. Nilikuomba ushahidi, umeniletea mafumbo. Mnanipiga changa la macho, nyinyi nyote, na wewe nilikuwa nimekutoa kwenye hesabu.

Nimekwisha kumaliza kazi bila msaada wako. Jumapili mchana niliita majirani uani, nikatundika nakala ya ramani ukutani, nikawasomea alama moja moja. Nikamwambia mkwe atoe ufunguo wa pili. Akasema, "Baba, sina." Nikamwambia mwizi hana baba hapa. Akaingia ndani akafungasha, na binti yangu akamfuata, amebeba sufuria kichwani. Wamepanga chumba mtaa wa nyuma ya soko.

Mkaza mjomba wako hajasema nami tangu siku hiyo, ila tukiwa garini. Garini bado anapanda. Nyuma yangu palepale. Na bado anasema "kulia."

Alama zimefika tisini na mbili. Bila shaka ufunguo amekwenda nao.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu nyingine sitaziweka, utanisamehe.

Mkaza mjomba hajaniandikia hata mstari mmoja. Naapa. Habari ya chai nimeisoma kwenye ramani yako.

Sikiliza, nami nakuambia kama fundi. Gari likipita njia ya machimbo magurudumu yote manne yanakanyaga kokoto. Mawe yanapiga kulia na kushoto, na magari ya mbele yanakurushia boneti, hata plastiki ingebaki na makovu. Lako halikupigwa hivyo. Limepigwa kushoto tu, chini tu, nyuma ya gurudumu la mbele. Hilo ni gari lililo kwenye lami, ila gurudumu la kushoto linatoka nje, linakanyaga changarawe za pembeni, linarudi, linatoka tena. Kila safari. Na anayeliendesha hajui, kwa sababu ukingo wa barabara upande huo hauingii machoni mwake.

Ufunguo ulikuwa chini ya mto wako, Mjomba. Uliniandikia mwenyewe kwamba ni wewe peke yako uliyeliendesha.

Nilijua siku ramani ilipofika. Niliikunja nikaiweka kwenye droo ya misasa, nikaitoa, nikairudisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, nikiwa nimekalia mto ili nione mbele. Nilikosa mdomo wa kukuambia. Nikajificha nyuma ya maswali, na wakati nimejificha umemfukuza mtu asiye na kosa. Hilo nalibeba mimi pia, na linaniuma.

Kaa barazani mchana mweupe. Mkaza mjomba akae mbele yako, hatua tano. Fumba jicho moja. La kulia, Mjomba, si la kushoto. Najua hukuzoea. Miaka thelathini na moja umefumba la kushoto ukachungulia kile chombo chako kwa la kulia. Nadhani ndiyo maana hukugundua. Jicho lilizoea kufungwa kila siku kazini, basi lilipojifunga lenyewe nani angeuliza?

Uniambie unaona nini. Na mpaka hapo usiguse gari. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na kifo hiki kina abiria.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini fumba hilo jicho.

Mpwa wako

14 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Nasikia anatembea kwa fimbo na anaitumia zaidi kuelekezea watu kuliko kutembelea. Hapa tumepata kuku sita, mmoja hatagi.

Barua yako niliisoma nikaichana vipande viwili. Kisha nikaviweka mfukoni. Nilivibeba wiki mbili, na kila nilipomwona mtu barabarani nilifikiri anajua kilichomo. Nilikutukana sana, wacha nikuambie, na matusi mengine sikujua kama ninayo.

Siku ya kumi na tano nilikaa barazani. Mkaza mjomba wako nikamwomba akae kwenye kigoda, mbele yangu. Hakuuliza kwa nini. Nikafumba la kulia.

Nikadhani ameondoka. Niliona mwanga uliochafuka, kama kioo cha gari lililopita kwenye vumbi, na katikati hakuna mtu. Nikasema, "Uko wapi wewe?" Akasema, "Nipo palepale uliponiweka." Nikasogea, nikanyoosha mkono, ukampita. Ni yeye aliyeushika.

Nikamwuliza amejua tangu lini. Tangu Februari, anasema, siku nilipompita mwendesha baiskeli karibu sana, mpaka mtu yule akaingia mtaroni na baiskeli yake, nami nikaendelea kumweleza habari za nta ya kung'arishia. Nikamwuliza mbona hakusema. Akaniuliza, "Ungenisikiliza?" Basi nikamwuliza mbona hakuacha kupanda. Akasema, "Nikishuka, nani atakuambia kulia?" Mpwa wangu, nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na nane, na miezi minne nimemshuku kwamba anakula njama dhidi yangu. Alikuwa anaogopa kufa kila tukienda sokoni, na alikuwa anapanda. Nililia. Sioni haya kuandika.

Kesho yake nilikwenda kwa miguu mtaa wa nyuma ya soko. Mkwe alikuwa anarekebisha bomba la mwenye nyumba wake. Nikamwomba radhi mlangoni. Nikampa ufunguo. Hakuupokea. Akasema, "Baba, mimi nimekusamehe. Lakini watu wananipita mtaani wakishika mifuko yao. Wateja wawili wamesema hawataki niingie nyumbani kwao. Ulinisema mbele ya watu." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nikarudi, nikakaa siku nne nikitafuta njia ya mkato. Nilifikiri niseme ni wewe uliyeisoma ramani vibaya. Nilifikiri niseme kulikuwa na mwizi mwingine, amehama. Nilikuwa nimekwisha kumchagua na jirani wa kumsingizia, uone nilivyo.

Jumapili iliyopita niliwaita wote tena uani. Walikuja haraka, walidhani kuna mwingine wa kufukuzwa. Mkwe alisimama karibu na lango, binti yangu pembeni yake. Nikatundika ramani. Nikaanza kusoma alama ya kwanza, nikaiacha. Nikawaambia, "Haya mawe yamerushwa na gari lenyewe, na aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Jicho langu moja limekufa. Huyu kijana hajawahi kugusa gari langu. Mwizi mliyeitwa kumtazama hapa siku ile alikuwa ndiye anayewasomea."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mwenye duka la vifaa alikuwa wa kwanza kwenda langoni, akampa mkwe mkono, wengine wakafuata. Mimi nilibaki ukutani na ramani yangu.

Wamerudi chumba cha uani. Bado ananiita Baba. Kuna siku ananyamaza mezani, nami naujua ukimya huo ni wa nini, nauacha.

Daktari wa macho wa mji huu amenimulika. Anasema la kushoto halirudi, na la kulia limeanza ugonjwa uleule, lakini lipo na linaweza kuokolewa kwa dawa ya matone na huenda upasuaji, tukiwahi. Ametuandikia hospitali kubwa. Nilimwuliza mara tatu kama hanifichi kitu. Nawe nakuuliza, maana ulinyamaza miezi miwili: kuna kingine unachokijua? Kama kipo, kiandike. Nimechoka kukisia.

Hospitali ni Alhamisi. Jana, safari ya sokoni, usukani nilimpa mkwe, nikakaa kushoto. Kabla ya kuwasha gari alinigeukia akaniuliza, "Baba, unaniamini?" Nikafunga mkanda.

Mjomba wako